Geji za Trekta, Shamba la Wakwe

Jumatatu, 3 Novemba
Trekta tena. Nimefungua dashibodi kabla hata ya chai. Geji zote zimelala: ya mafuta, ya joto, ya chaji. Injini inanguruma vizuri ila mishale haisogei. Trekta lenyewe dogo, kuukuu, lina umri wa kuoa. Nimebadilisha fyuzi. Wapi.

Mvua isianze kabla sijalima shamba la baba mkwe kule Mwazye. Ni kazi ya mkwe, kila mwaka. Mwaka huu ni zaidi ya kazi. Skola wangu yuko huko kwao tangu Agosti, tulipomzika mtoto wetu Anna. Nikilima nitapata pa kuanzia, nimwombe arudi nyumbani. Nisipolima sijui nitaanzia wapi.

Jumatano, 5 Novemba
Nimetoa kiboya cha kwenye tangi, kile kinachopima mafuta. Kizima. Nimefungua geji moja moja, nimezisafisha, nimezirudisha. Zimelala vilevile. Siku imekwisha.

Jirani ananishauri nichukue jembe la mkono nipande basi la Mwazye. Hanielewi. Mwaka jana nilikwenda na trekta likiwa hivi hivi. Likachemsha katikati ya shamba, mimi sina habari, na shemeji zangu wakanicheka mpaka jioni. Sirudi pale na trekta bovu. Na jembe ndiyo kabisa. Mwenye trekta haendi ukweni na jembe begani.

Alhamisi, 6 Novemba
Mawingu tangu asubuhi. Sijagusa kitu. Nimekaa kwenye kitanda cha Anna. Skola alikuwa akikaa hapa kutwa baada ya msiba, na mimi nikipita mlangoni kwenda kwenye trekta. Niliogopa kukaa. Nilidhani nikikaa sitainuka.

Namtaka mke wangu.

Jumatatu, 10 Novemba
Sumbawanga mjini. Fundi umeme, mtu wa Mbeya, hata kuinuka hakuinuka. "Mzee, zikifa zote kwa mpigo usihangaike na moja moja. Angalia waya wa hasi wa dashibodi."

Nimerudi, nimelala chini ya usukani na tochi ya simu. Waya upo, umefungwa juu ya rangi niliyoipaka mwenyewe mwaka juzi. Rangi nzito, tena nilijisifu. Umeme utapita wapi? Nimekwangua kwa msasa mpaka chuma kikaonekana, nimekaza nati, nimewasha. Mishale yote imeinuka. Nimecheka peke yangu kama mwehu, nikageuka kumwita Skola aje aone.

Jumatano, 12 Novemba
Mwazye. Njia nzima geji ya joto haikufika hata nusu. Nimeingia uani nikijiona mwanaume.

Shamba limeshalimwa. Lote, hadi ukingoni, matuta yamepangwa. Walipika pombe ya ulezi Jumamosi wakaita majirani waje kulima. Nimempa baba mkwe shikamoo, amenipokea kwa upole, na upole huo ndio ulionimaliza. "Tulikungoja, mwanangu. Ungekuja hata na jembe la mkono."

Nimepewa kiti sebuleni, nimeletewa maji ya kunawa na chakula, shemeji mmoja akakaa nami kunizungumzisha. Mgeni kamili. Skola alikuja kunisalimu, macho chini, amekonda. Nikamwambia geji zimepona. Katika maneno yote ya duniani, hayo ndiyo yaliyonitoka. Akasema, "Vizuri." Akarudi jikoni.

Sikumwomba. Nimeondoka kabla ya jioni. Nina hasira na trekta, na ninajua trekta halina kosa.

Jumapili, 16 Novemba
Mvua imeanza. Baada ya misa nimekwenda makaburini kwa Anna na jembe, nipalilie. Nimekuta kumeshapaliliwa. Udongo umesawazishwa, maua ya porini bado mabichi.

Mama mmoja anayeishi karibu na makaburi ameniambia Skola alikuja jana na basi la asubuhi. Alifanya kazi yake, akakaa kidogo, akarudi kwao. Kutoka pale nyumba yetu inaonekana. Hakupita.

Nimelizunguka kaburi nikitafuta jani la kung'oa. Hakuniachia hata moja.