Baba, Nilikutaja Darasani

Baba,

Shikamoo. Najua hutaitikia, ila ulinikataza kuanza maneno na mkubwa kabla ya salamu, na sikumbuki uliposema kifo kinabadilisha hilo.

Mama mzima. Mpunga umevunwa, na joto la Kamsamba ni lile lile. Jumamosi kanisa linakuja kuweka msalaba kwenye kaburi lako. Nusura lisije, na chanzo nilikuwa mimi. Bora usikie kwangu.

Ilianzia shuleni ninakofundisha. Kidato cha nne tulifika mada ya mageuko, ile inayosema viumbe hubadilika kidogo kidogo, kizazi hadi kizazi. Kiingereza cha kitabu kiliwagomea wanafunzi, nikatafuta mfano wa nyumbani. Nikakutaja wewe. Niliwaeleza ulivyokuwa ukipita shambani kabla ya mavuno, unafunga vipande vya kanga kuukuu kwenye masuke yaliyowahi kukomaa, hayo tu ndiyo yawe mbegu, na baada ya miaka mpunga wetu ukawa unaiva kabla ya wa jirani. Nikasema hapo mchaguaji ni Mzee Simbeye. Porini wanaochagua ni ukame, njaa na magonjwa. Walielewa, Baba. Hata wale wa nyuma wanaokuja shule kupumzika walielewa.

Habari ilipofika kwenye mashine ya kukoboa mpunga, ilikuwa imeshaongezwa chumvi: marehemu Simbeye, mzee wa kanisa miaka yote ile, kumbe alimfundisha bintiye kwamba watu wametoka kwa nyani!

Baraza la wazee likaniita. Mwenyekiti ni rafiki yako Mzee Sikana, uliyekuwa ukibishana naye mahubiri mpaka chai inapoa. Hakunifokea. Alinipa karatasi nisaini, isomwe Jumapili. Ilikuwa na mistari miwili: kwamba hukunifundisha mambo hayo, na kwamba ulipokuwa hai uliyapinga. Nikisaini, jina lako linasafishika, msalaba unawekwa, nami naendelea kufundisha watoto shule ya Jumapili.

Mstari wa kwanza ni kweli tupu. Wewe ulichagua mbegu. Kuziunganisha na kitabu ni kazi yangu. Wa pili ulinikwamisha. Nilipokuwa mwanafunzi nilikuuliza, wewe ukishona magunia, niandike nini kwenye mtihani wakati kitabu cha Mwanzo kinasema vingine. Ulinijibu, "Andika walichokufundisha, ufaulu, urudi tule." Miaka yote nimejiambia kwamba ile ilikuwa ruhusa. Huenda ulikuwa baba tu, unataka mwanao afaulu. Ningeweza kukuuliza tena kesho yake, au mwaka wowote baadaye. Sikukuuliza. Hilo linaniuma, Baba, linaniuma sana.

Nikachukua kalamu, nikaukata mstari wa pili mbele yao, nikasaini uliobaki. Nikawaambia sijui uliamini nini kuhusu jambo hilo. Mzee Sikana akasema hata yeye hajui, maana mlibishana yote isipokuwa hilo. Msalaba ukapitishwa. Shule ya Jumapili wameniondoa. Wanasema nipumzike kwanza. Nililia chooni, nikanawa uso, nikawahi kipindi cha mchana.

Usiwe na wasiwasi, bado nasali. Jumapili nitakaa na Mama, na watoto wangu wa shule ya Jumapili wataimba wakiongozwa na mwingine. Nitavumilia. Jumatatu narudi kwenye mada ile, na wanafunzi wakiniuliza kama namwamini Mungu, nitawajibu ninavyoamini mimi.

Pumzika, Baba. Nakuahidi jambo moja: kanisani wala darasani, sitakusemea tena. Wakiniuliza habari zako nitawaambia ulichofanya, na pale nisipojua, nitasema sijui.

Binti yako