Sitaha Niliyoifunga kwa Lami

Mama Zuhura wangu uliyeko Bungu,

Kwenye simu ukiona namba yangu unakata, kwa hiyo nimeshika kalamu, mie niliyeishia darasa la nne, na hilo lenyewe kwa kusukumwa. Zuhura atakusomea. Zuhura mwanangu, soma kwa sauti, usipunguze kitu, na pale ninapojitukana usicheke kumzidi mama yako.

Uliomba talaka mara mbili, kwanza kupitia kaka yako, kisha kwa mdomo wako mwenyewe. Mara zote nilikujibu, "Ngoja nimalize kuikarabati mashua. Ukiiona ukaikataa, nitaandika." Leo nakuletea habari ya mashua.

Unakumbuka ilivyokuwa tulipoinunua? Wazi katikati, kibao mbele, kibao nyuma, mvua ikinyesha tunalowa wote, mwenye chombo na abiria. Wewe ulikuwa ukikaa nyuma karibu na usukani, miguu juu ya gunia, ukiwasema watu wa Kiongoroni nyumba kwa nyumba mpaka tunafika bandarini Nyamisati. Sijawahi kusafiri na redio nzuri kama ile.

Kisha nikapata akili, na mie nikipata akili watu wajifiche. Nikaifunika yote kwa mbao kutoka mbele hadi nyuma, nikaacha mlango mmoja katikati, wa kupitisha gunia. Juu ya sitaha tupange boriti za mikoko, chini tuweke uduvi usilowe. Fundi Athumani akaniambia niache matundu mawili, moja mbele na moja nyuma, hewa iingie huku itokee kule, maana tundu moja halipitishi kitu. Nikamuuliza, "Athumani, uduvi una pua?" Akachukua tezo lake la kuchongea akaenda zake.

Siku zile kule Bungu kulikuwa na lami iliyobaki kando ya barabara. Nikaomba ndoo mbili. Nikaipaka mashua, sitaha juu na chini, hadi mbavu za ndani, isivuje hata tone. Ikang'aa kama kiatu cha bwana harusi. Lakini jua likiwaka, ile lami ikawa inalainika. Kuku wako mwekundu alinasa pale, tukamtoa kapungukiwa kucha mbili, ukaniambia, "Wee mwanamume, umejenga tanuri." Nikacheka. Kila ulichoniambia nilikicheka. Ndiyo kazi niliyoifanya katika ndoa hii bila kukosa siku.

Sasa ile siku ya mvua. Nataka niiandike kwa mkono wangu, maana kwa mdomo nimekuwa nikiipindisha. Tulitoka na magunia ya uduvi, mvua ikatukuta njiani. Nikakwambia ushuke chini. Nikafunga mlango, nikatandika turubai juu yake, nikarudi kwenye usukani. Baada ya muda nikasikia unagonga mbao kwa mwiko. Ko, ko, ko. Nikadhani umechoka kukaa kimya, unanipigia ngoma. Nikakujibu kwa kisigino. Ukagonga tena. Nikasimama nikakata kiuno mvuani, mzee mzima, na mabaharia wawili wakanipigia makofi. Ukagonga tena, kidogo. Halafu ukaacha, nami nikasema, "Kachoka. Nimemshinda."

Nilipofungua, midomo yako ilikuwa rangi ya jivu.

Yule muuguzi wa zahanati, binti wa bara, alikupa dawa ya kuvuta, akanigeukia. "Baba, huyu mama ana pumu. Umemfungia ndani na samaki?" Nikamjibu, "Uduvi, sista, si samaki." Hakucheka. Na wewe ulipopata pumzi ya maneno mawili tu, ulinitazama ukayatumia kwa haya: "Ulikuwa unacheza."

Ukapanda gari kwenda kwa Zuhura. Kwa kaka yako uliacha neno kwamba chombo kile hutakanyaga mpaka uone mwanga ndani yake. Watu wote walisikia mwanamke amekataa. Mie nikasikia umeniagiza kazi.

Basi nimeifanya, mke wangu. Misimu miwili ya mvua. Lami ya juu nimeibandua kwa panga mpaka mikono ikawa kama ya fundi magari. Nikamrudia Athumani na kilo ya sukari na uso wa msibani. "Leo uduvi umeota pua?" akaniuliza. Nikanyamaza. Ungekuwepo ungeona maajabu, mie kunyamaza.

Tukachora sitaha mpya kwa mkaa juu ya ubao. Tundu la mbele pana, lenye kizingiti kirefu ili wimbi lisimwagikie ndani. La nyuma dogo, lenye kifuniko kilichoinuliwa, mvua ikinyesha hewa iendelee kupita. Kwenye hilo tulibishana siku nzima. Yeye alilitaka katikati kabisa, ndipo linapovuta vizuri. Mie nilitaka lisogee pembeni, lisije likakutolea harufu ya uduvi usoni. Jiko lililokuwa chini nililihamisha, moshi uende majini. Na mahali pako pa kukaa, juu kwenye upepo, si chini, nilipapima kwa kanga uliyoisahau, nikaongeza shubiri moja maana najua Zuhura anakulisha.

Tundu la mbele lilikatika vizuri. La nyuma, msumeno ulipoingia haukutoa unga, ulitoa uji mweusi. Athumani akauweka chini, akasukuma kidole kwenye ubavu wa mashua, kikazama mpaka fundo la pili. Akaenda ubavu mwingine. Na mwingine. Akazunguka chombo kizima hivyo, mie nyuma yake kama mtu anayemfuata daktari wodini.

"Ni lami," akasema. "Maji ya mvua yalipenya kwenye misumari, yakakosa pa kutokea. Mbao zimeiva zenyewe kwa jasho lake."

"Tubadilishe mbili tatu."

"Baba Zuhura, sitaha nzuri nitakupa. Itakaa juu ya nini?"

Nikamwambia itakaa juu ya imani yangu. Akanitazama kwa huruma, na Athumani akikuhurumia ujue umekwisha.

Jana asubuhi niliingia chini, nikakaa ulipokaa siku ile. Tundu la nyuma tulilimalizia hivyo hivyo, na hewa inapita, mpaka ndevu zinapepea. Mwanga unafika chini kabisa kwenye mkuku, uti wa mgongo wa chombo, na unaonyesha kila mahali palipooza. Nikainua ngumi nikagonga mbao juu ya kichwa changu, nijue ulisikikaje. Niligonga mara tatu tu, tena si kwa nguvu. Athumani alikuwa nje anakunja kamba zake. Alikuja mbio, akachungulia tunduni. "Una nini? Umeumia?"

Mtu yeyote angekuja mbio, Mama Zuhura. Nimekaa na hilo tangu jana na sijapata mzaha wake.

Mashua itapasuliwa. Hakuna nyingine, na mie si wa kuanza chombo kipya kwa goti hili. Ahadi niliweka mwenyewe, na sasa sina mashua ya kukuonyesha, kwa hiyo talaka yako imo ndani ya bahasha, karatasi ya pili, Athumani ni shahidi. Ni moja, kama sheria inavyotaka. Kaka yako atasema mzee amejiachia nafasi ya kukurejea kabla eda haijaisha. Mwambie asikeshe njiani kunisubiri. Boti za injini zipo, na Bungu si mbali. Ninachokosa ni uso wa kuingilia uani kwenu.

Kanga yako Athumani atakuletea akipita huko. Nimeifua, lakini lami kidogo imegoma kutoka.

Vuta pumzi vizuri.

Mie,
Baba yake Zuhura