Velichka, Uliyekataa Kubahatisha

Mwaka umetimia, dada yetu Velichka, tangu tulipokusindikiza makaburini kilimani. Karatasi hii ya kumbukumbu tumeibandika mlangoni mwa jengo letu, kwenye nguzo ya kituo cha basi na kwenye ukuta wa muuza mikate. Anayepita asimame asome. Ulipenda watu wasimame.

Kwako hakukuwahi kuwa na kiti kitupu. Kahawa yako ilikuwa nyepesi, tuseme ukweli, lakini habari zilikuwa nzito. Ulijua nani kanuniana na nani kabla wenyewe hawajaambiana. Ila hukurudia neno la mtu mpaka umelisikia kwa watu wawili wasiopatana. "Mdomo mmoja ni umbea," ulisema. "Miwili ni habari."

Ulifundisha kemia hadi ukastaafu, na hukuachana na chupa zako. Zilikaa kabatini chini ya mashuka, na mgeni aliyezigusa alirudishwa sebuleni kama mtoto.

Leo tunakumbuka zaidi ile Jumapili ya kabichi.

Wote mnajua vuli ilivyo hapa. Kila familia ina pipa lake chini kwenye stoo, kabichi nzima nzima ndani ya maji ya chumvi, za kula hadi majira ya kuchipua. Mwaka ule chumvi ilimwishia Gencho, mume wangu mimi mdogo wako Ginka, pipa likiwa bado halijakolea, na duka limefungwa. Nyuma ya baiskeli, pale pale stoo, kulikuwa na gunia aliloliokota kiwanda cha misumeno kilipofungwa. Lilikuwa jeupe, safi, halina maandishi. "Chumvi ni chumvi," akasema, akaongeza makonzi kadhaa.

Kabichi zikakaa wiki kadhaa. Ile Jumapili asubuhi akashuka kuyatoa maji kwenye bomba la pipa na kuyamimina tena juu, kama desturi, na kwa desturi hiyo hiyo anayemimina ndiye anayeonja. Gencho haonji kwa kijiko. Alikunywa kikombe.

Kabla ya chakula cha mchana alikuwa anatapika. Lyuben wa ghorofa ya juu akacheka kwamba rakia, ile pombe kali ya jana, imerudi kudai heshima yake. Halafu miguu ya Gencho ikakataa kusimama. Halafu kijiko kikamponyoka, akabaki anavitazama vidole vyake kana kwamba ni vya mtu mwingine.

Hospitali wakamlaza. Daktari, kijana mpole, hakutuficha. Alisema misuli inalegea, ikifika ya kifuani hatapumua, na sumu zinazolegeza hivyo ni nyingi, kila moja na dawa yake. "Sitaki kumtibu kwa kubahatisha, mama. Nipatieni jina."

Nilimwacha binti yetu Ralitsa kitandani kwa baba yake, nikakimbilia kwako. Hukuniuliza amekula nini. Uliuliza, "Chumvi ya pipa mliinunua wapi?" Nilipokwambia habari za gunia, ulivaa miwani ukashuka stoo bila koti.

Jikoni kwako wakajaa, kama kawaida. Tsonka wa mkabala, Lyuben, na wengine mlangoni. Ukayeyusha punje za lile gunia kwenye maji, ukadondoshea nitrati ya fedha kutoka kwenye chupa yako ya kahawia. Maji yakaganda meupe kama maziwa yaliyochacha.

Tsonka akajifanyia ishara ya msalaba. "Kloraidi. Si ndiyo chumvi ya mezani hiyo, Mwalimu? Basi ni tumbo tu."

"Kloraidi ni ukoo, Tsonka," ukamjibu. "Kila ukoo una mwizi wake. Namtaka mwenyewe."

Ukachukua waya wako, ule ulioutoa kwenye koili ya jiko bovu, ukauchovya kwenye chumvi, ukaupeleka kwenye moto wa gesi. Moto ukawaka njano. Lyuben akasema njano ni sodiamu, wanawe walikariri hivyo hivyo darasani kwako, kwa hiyo ni chumvi ya mezani na yeye anaenda zake kula.

"Njano ni jasho la vidole vyangu," ukasema. Ukauchovya waya kwenye ile asidi ya kusafishia choo, ukauchoma. Njano. Ukauchovya tena, ukauchoma tena. Simu yangu ikalia: Ralitsa alisema baba hainui kichwa, na daktari anauliza. Waya bado ulikuwa njano. Nilikuomba, dada. Nilikwambia sema lolote, angalau waanze.

Hukugeuka. "Nikisema lolote, Ginka, watampa lolote."

Ukauosha mpaka moto ukabaki na bluu yake, kana kwamba hakuna kitu. Ndipo ukauchovya kwenye chumvi. Moto ukawa kijani, kijani cha tofaa bichi. Nikaiinua simu.

"Subiri. Huo ni mdomo mmoja. Hata shaba hutoa kijani." Ukamgeukia Tsonka. "Ile haluli, chumvi ya kuendesha tumbo unayokunywa wakati wa mfungo, kailete."

Tsonka, ambaye hajawahi kukimbia maishani, alikimbia. Ukaikoroga haluli, ukaidondoshea kwenye yale maji ya gunia. Yakachafuka papo hapo, wingu jeupe likashuka taratibu chini ya glasi. Ukaongeza asidi, ukaangalia. Wingu halikuyeyuka. Ulikaa kitini, ukanyoosha mkono upewe simu.

"Daktari, ni bariamu, chumvi yenye sumu ya kukazia misumeno. Nimeiona kwenye moto, nimeiona kwa haluli. Mpe hiyo hiyo haluli, itaigandisha tumboni kabla haijaingia yote kwenye damu. Na pima potasiamu yake, itakuwa imeshuka."

Akasema haluli anayo, na potasiamu ameshaiona iko chini, ila hakujua kwa nini. Akakata simu.

Jioni Gencho alipumua bila kuhema. Kesho yake akakunja kidole. Pipa hukuruhusu limwagwe. Ulilitia haluli mpaka maji hayakuchafuka tena, ukaita wenye kazi ya taka za sumu. Siku alipotoka hospitali ulimpokea kwenye ngazi ukamwambia, "Shemeji, kiwanda kimekufa chenyewe. Nani alikutuma ukifuate?" Alicheka mpaka akakaa chini.

Leo asubuhi amechemsha ngano tamu ya kumbukumbu yako na kuigawa mlango kwa mlango, na kila mtu aliuliza sukari ile kaitoa wapi. Aliwaonyesha pakiti. Kisha akachukua brashi na gundi, akatoka na karatasi hizi. Mkono unaozibandika ndio ule ulioshindwa kushika kijiko.

Tunaokukumbuka ni mdogo wako Ginka, shemeji yako Gencho, mpwa wako Ralitsa, pamoja na Tsonka, Lyuben na jengo zima lililokunywa kahawa yako nyepesi.

Maisha yetu yote, Velichka, tutakukumbuka.