Risasi Zilizotaka Kunirudisha Nyumbani

Mjukuu wangu Neema,

Nakusalimu kutoka Muaither, hapa Qatar, ambako joto limepungua na nywele za babu yako pia. Mjomba wako anayefanya unesi hapa anakusalimu.

Unauliza kama ni kweli niliwahi kutengeneza risasi Doha. Ni kweli, mama. Nilipokuwa mgeni huku, mimi na Okello, dereva mwenzangu Mganda, tulipenda kuvua samaki siku ya Ijumaa. Tukayeyusha madini ya risasi tupate chubwi, vile vizito vya kuzamisha ndoana. Za kwanza zilitoka zimekunjamana kama uso wangu.

"Ssebo, ongeza bati kidogo," Okello akasema, akiniita bwana kwa lugha ya kwao.

Nikaongeza madini hayo ya bati. Risasi ikatiririka, ikajaza kalibu, kile chombo cha kuipa umbo, vizuri mpaka pembeni. Kwa furaha nikampigia nyanya yako.

"Mama Rose, leo tumetengeneza risasi safi sana!"

"Risasi? Si ulisema unaendesha gari? Rudi nyumbani! Mimi sikuolewa na mtu wa vita!"

Akakata simu, na kila nilipopiga hakushika. Nilishaanza kufunga sanduku Okello alipompigia yeye mwenyewe: "Mama, ni risasi za kuvulia samaki."

Nyanya yako alicheka mpaka nikamsikia kutoka upande wa pili wa chumba. Kumbe hata maneno yangu yalihitaji bati kidogo.

Chubwi moja nilimpelekea. Ndiyo ile inayoshikilia pazia la sebuleni.

Sasa mwambie nyanya yako narudi Desemba. Usisahau kuongeza bati: narudi kabisa.

Babu yako