Mtunzi Hajulikani

Mpendwa mama,

Nakuandikia kutoka Dodoma, hata nguo za bungeni sijavua, kwa sababu leo nimemlipa Bwana Kinasa. Najua usingependa. Bora uyasikie kwangu kuliko kwa wambea watakaokufuata huko uliko.

Jina hilo ulimpa wewe. Alikuja kijijini kwetu Msangano na gari la redio wakati wa kuvuna ulezi, kinasa sauti kikining'inia begani. Gari likamharibikia, akakaa kwetu karibu wiki mbili. Siku ya kwanza aliutazama ugali wa ulezi kana kwamba tumempa udongo, siku ya tatu akawa anaomba ukoko. Ulimchinjia jogoo wako wa pekee. Ulimwimbia wimbo wako huku unapura, shangazi na majirani wakikuitikia, na mimi ndiye niliyeambiwa niwafukuze kuku wasipige kelele.

"Mama Namkonda," akakwambia, "sauti yako itafika Dar es Salaam."

"Ifike tu, baba. Mimi nabaki na ulezi wangu."

Siku wimbo ulipotangazwa tulijazana kwa jirani mwenye redio. Ulianza vizuri mpaka shangazi akapiga vigelegele. Kisha ukakatwa kabla ya ubeti wa mwisho. Kwetu mwimbaji hamalizi wimbo bila kujitaja, na ubeti ule ndio uliokuwa na jina lako na la kijiji chako. Badala yake tukamsikia Bwana Kinasa mwenyewe, kwa sauti yake ya asali: "Huo ni wimbo wa asili kutoka nyanda za juu kusini. Mtunzi hajulikani."

"Hajulikani!" jirani akapasuka kucheka. "Mbona tunaye hapa, na ungo wangu hajarudisha!"

Ulicheka nao. Tulipofika nyumbani ulikaa mbele ya mafiga na hukuwasha moto. Nikakuuliza kama yule mtu ni mwizi. Ukasema, "Mwache. Mungu anamwona." Mimi nilikuwa mtoto, lakini moyoni nilitaka na watu wamwone.

Wimbo wako ukawa wa taifa zima, mama. Ukafungua vipindi, ukapokea wageni wa heshima. Pale Tunduma, karibu na mpaka, niliusikia ukitoka kwenye spika ya duka la kanda, Mzambia mmoja anaucheza na mzigo kichwani. Nikamwambia ni wa mama yangu. "Iwe!" akanicheka, yaani "wewe!" kwa lugha ya kwao. "Wimbo wa watu wote huo." Na ulipokuwa mgonjwa, wimbo ukapigwa redioni siku ya sikukuu, nawe ukageukia ukutani. Hapo ndipo nilipoapa kwamba watu watamwona.

Nilipoingia bungeni, wenzangu wa upinzani waligombea kuwa wasemaji wa fedha na nishati. Mimi nikaomba habari na utamaduni. "Unataka ngoma na mipira?" kiongozi wetu akaniuliza. Nikamjibu ndiyo, hasa ngoma. Nimefanya kazi hiyo kwa haki, usidhani nilikaa nikikunja ngumi tu. Nimewatetea waandishi magazeti yao yalipofungiwa, nimezililia redio za vijijini zipate leseni. Lakini kila nilipofungua hotuba, nilikuwa namtafuta mtu mmoja.

Leo akaja mwenyewe. Siku hizi ni mshauri mkubwa wa mambo ya utamaduni, mvi kichwani, suti ya kijivu. Waziri akamsifu kuwa ndiye aliyeziokoa nyimbo zetu za asili, na kwamba jumba jipya la kuhifadhi sauti litaitwa kwa jina lake. Wabunge wakapiga meza. Yeye akainuka pale juu kwa wageni, akainama kidogo.

Zamu yangu ikafika. Nikasoma maoni ya kambi yetu mpaka kwenye haki za watunzi, nikaweka karatasi chini, nikauimba ubeti wako wa mwisho. Wote, kwa Kinamwanga chetu, na jina lako ndani yake.

"Mheshimiwa, hapa si kilabuni," Mwenyekiti akanikatiza.

"Mheshimiwa Mwenyekiti, namalizia wimbo uliokatwa na mgeni aliyekaa pale juu. Mtunzi anajulikana. Alimlisha huyu bwana wiki mbili."

"Futa kauli hiyo."

"Sifuti. Amefuta yeye inatosha."

Nikatolewa nje. Mlangoni niligeuka kumtazama. Uso ulikuwa umemshuka, na waliompigia meza walikuwa wanamgeukia mmoja mmoja. Nilifurahi, mama. Sitakudanganya. Jioni Waziri akasema suala la jina la jumba litaangaliwa upya.

Bwana Kinasa alinivizia kwenye korido. Akasema haikuwa hila. Alipouliza wimbo umetungwa na nani, eti akajibiwa "Namkonda", yeye akasikia "na Mkonda", akamtafuta huyo Mkonda asimpate. Kwetu hata mtoto anajua kwamba katika ukoo mmoja kaka ni Simkonda, dada ni Namkonda. Nikamkumbusha kwamba alikuita kwa jina hilo kila asubuhi akiomba maji ya kunawa. Akabadilika, akashusha sauti, akanishika mkono.

"Mwanangu, haya tuyamalize sisi wawili. Mama yako alikuwa na moyo mkubwa. Angekuwepo leo angenisamehe."

"Angekusamehe, mzee," nikamwambia. "Miaka yote hiyo alikuwa nyumbani, na njia ulikuwa unaijua."

Nikautoa mkono wangu kwenye wake, nikaondoka. Bunge likiahirishwa nitakuja kupalilia kaburi lako. Ukitaka kunigombeza, nigombeze siku hiyo.

Ni mimi,
kitindamimba wako.