Mguu Kwenye Kanyagio

4 Machi

Mwanangu,

Marahaba, na hujambo? Huku tupo. Shangazi yako anakohoa kidogo lakini mdomo ni mzima, asubuhi hii ameshagombana na muuza maziwa.

Sindano ya miezi mitatu nimeshachomwa. Daktari anasema kipimo cha damu kimepanda tena, si sana. Saratani ya tezi dume ikishafika kwenye mifupa haifukuzwi, anasema, inachungwa. Basi nachunga. Kero yangu ni joto linaloletwa na hiyo sindano. Linanivamia nimekaa kimya, jasho linatiririka, nafungua madirisha yote. Shangazi anacheka mpaka anashika ukuta: "Karibu kwenye chama chetu cha wanawake watu wazima, kaka!" Sasa namwelewa marehemu mama yako.

Koti lako la kazi nimempa kondakta wa basi la asubuhi. Limechelewa kwa sababu cherehani inanisumbua. Kanyagio limekuwa zito. Nimetia mafuta, nimebadilisha mkanda, nimelifungua gurudumu lote na kulifunga upya, bado. Na mwalimu wa kwaya anadai majoho yake.

Jihadhari na hizo pasi za moto.

Baba yako


7 Machi

Baba,

Shikamoo. Mimi mzima, kazi nyingi. Nakuandikia nimesimama kwenye meza ya kupigia pasi, hoteli imejaa na msimamizi ametoka kidogo.

Koti limenikaa vizuri. Lakini nilipoligeuza nilipige pasi kwa ndani, nikaona mshono wa ubavuni. Uzi umekatika na kuungwa mara kadhaa kwenye mshono mmoja, na chini kuna vifundo. Baba, huo ni mshono wangu nilipokuwa darasa la nne. Mguu usipokanyaga sawasawa gurudumu linarudi nyuma, uzi unasokotana. Nikilalamika cherehani mbovu, ulikuwa unanipiga kofi la mguuni: "Cherehani haina kosa. Kanyaga!"

Nataka unijibu mambo matatu. Ukivua viatu, unajua kama unakanyaga saruji au mkeka? Mgongo unauma ukilala? Haja ndogo inatoka kama kawaida?

Tulikuwa wote chumbani daktari aliposema miguu ikilegea au ikifa ganzi uje siku hiyohiyo, kwa sababu uvimbe unaweza kubana uti wa mgongo, na miguu ikishakufa kabisa huenda isirudi. Wewe ukaitikia kwa kichwa, ukamuuliza kama unaruhusiwa kuendelea kushona.

Simu husikii, kwa hiyo nimempigia shangazi. Anasema, "Kaka mzima, amekaa tu." Hilo "amekaa tu" ndilo linalonitisha. Nenda leo.

Binti yako


10 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Afya yangu ni ileile.

Barua nimeisoma mara mbili. Wewe ni dobi, na dobi mzuri, lakini tangu lini pasi inapima ugonjwa? Mgongo wa fundi cherehani lazima uume, nimeuinamisha miaka arobaini. Cherehani imezeeka, basi.

Majoho yamebaki manne. Mwalimu wa kwaya alikuja jana akanikuta nimekaa sakafuni. Nilikuwa natafuta bobini ya uzi. Tukacheka.

Jumatatu nitakwenda hospitali, nikishamkabidhi mzigo wake. Mteja hawezi kusimama mbele ya watu na joho lisilo na mikono.

Msalimie Bibi Msimamizi wako.

Baba


11 Machi

Baba,

Shikamoo. Leo sikuulizi hali, hali naijua.

Hukuwa unatafuta bobini. Nimempigia shangazi tena, nikambana mpaka akasema. Ulianguka, na yeye na mwalimu wa kwaya ndio waliokunyanyua. Ukawaambia wote wawili wanyamaze.

Utakapoisoma hii utakuta cherehani haina mkanda. Shangazi ameuvua, yuko nao kifuani, na nimemwambia akurudishie ukishalala kwenye kitanda cha hospitali, si kabla. Usimfokee, nifokee mimi. Teksi atakuwa ameshaiita. Mwalimu wa kwaya naye atakuwa njiani kuja kukushika mkono wa pili. Anasema joho lisilo na mikono atalivaa yeye mwenyewe.

Binti yako


29 Machi

Kwa mwizi wa mkanda,

Marahaba. Hujambo? Mimi nipo wodini, kitanda cha dirishani, kwa hiyo joto langu lina pa kutokea.

Nilikaa kimya kwa sababu nilikuwa na hasira, na baadaye kwa sababu nilikuwa na aibu. Picha ya mgongo ilionyesha uvimbe umebana kama ulivyosema. Walinipa dawa ya kupunguza uvimbe siku ileile na kuanza kunipiga mionzi mgongoni. Daktari akaniuliza ganzi ilianza lini. Nikamjibu kwamba nilidhani ni kanyagio. Aliacha kuandika, akanitazama. "Mzee, ulibadilisha mkanda wa cherehani kwa ajili ya ugonjwa wa mgongo?" Wodi nzima sasa inaniita Mkanda.

Mguu wa kulia umerudi. Wa kushoto unaburuta, natembea na fimbo. Mionzi haijaondoa saratani, imeipunguza hapo ilipobana. Inaweza kubana tena, hapo au pengine.

Sasa sikiliza. Najijua. Nikiulizwa hali nasema nzuri kabla sijafikiri. Kwa hiyo tukubaliane: kila barua nitakayokuandikia nikiwa nyumbani, nitatia ndani kipande cha kitambaa chenye mshono mmoja wa cherehani. Maneno yangu usiyaamini sana. Kigeuze kitambaa.

Baba


2 Juni

Baba,

Shikamoo. Natumaini joto limekuachia nafasi.

Kipande cha tatu kimefika. Mwanzo gurudumu limerudi nyuma mara moja, halafu mshono umenyooka mpaka mwisho. Nimewaonyesha wenzangu kazini. Mmoja kauliza kama unapokea oda ya suruali.

Binti yako


19 Agosti

Mwanangu mpendwa,

Marahaba. U mzima? Sisi ni wazima kabisa. Kikohozi cha shangazi kimeisha, sasa anaimba, na mwalimu wa kwaya amemsikia kwa bahati mbaya. Mvua imenyesha. Chakula nakula. Nimepokea oda ya mapazia ya shule, lakini sina haraka nayo.

Usiwe na wasiwasi juu yangu, zingatia kazi.

Kitambaa kimo ndani, kama tulivyokubaliana.

Baba yako


19 Agosti, jioni

Baba,

Shikamoo.

Barua yako inasema ninyi ni wazima kabisa. Kitambaa nimekigeuza. Kimeshonwa kwa mkono.

Umenyoosha vizuri, mtu mwingine asingejua. Cherehani iko hatua moja kutoka kitandani kwako na hukuifikia, au uliifikia na miguu ikakataa. Lakini kondakta anasema shangazi alimpa bahasha leo asubuhi, wewe ukimpungia mkono kutoka dirishani. Safari ile ulificha mpaka ukaanguka. Safari hii ulijua nitakigeuza kitambaa, na bado ukakituma; hukunificha hata siku moja.

Nimempigia shangazi. Anasema teksi imeshafika, mnatoka.

Barua hii simpi kondakta. Nimeomba ruhusa, nimekata tiketi, niko kituoni naandika juu ya begi. Nitakukabidhi mwenyewe wodini, uisome nikiwa nimekaa hapo, ukatae kila neno.

Mkanda safari hii nimemwambia shangazi asiuguse. Uko palepale kwenye gurudumu.

Binti yako