Ukuta Mweusi wa Sebuleni

Aliya mwanangu,

Ndagala zimo sufuriani. Zifunike, paka wa jirani akinusa samaki hana adabu. Fundi wa rangi akija, mpe chai kwanza. ~~Mwambie ule ukuta mweusi asiuguse.~~

Hapana. Aupake.

Asubuhi ulisema, "Baba, wakwe wakija kuleta posa watadhani wameingia darasani!" Kaka yako Nasiri akacheka, nami nikacheka kidogo, lakini chai niliiacha kikombeni. Nyumba za siku hizi ni nyeupe ndani, najua, umenionyesha kwenye simu. Vitambaa vya makochi nimevikunja mwenyewe. Hata lile kabati liondoke.

Ila ukuta ule niliupaka masizi kwa mkono wangu, nilipokuwa nasoma shule ya jioni. Nikirudi, nilimfundisha marehemu mama yako hapo hapo. Siku alipoandika jina lake mara ya kwanza, alikataa lifutwe wiki nzima.

Sitaki uolewe ukiionea haya nyumba yetu. Nimekwenda Kigwena kwa mjomba wako. Nitarudi rangi ikishakauka.

Chaki iliyo dirishani usiitupe. Sina tena pa kuandikia, lakini usiitupe.

Baba yako